Gauni Lisilo na Mshono Kiunoni

Katika nyumba ya Bwana Anselme Courtadon palikuwa na sheria moja ambayo hata wake wa mawaziri waliifuata. Gauni halitoki mlangoni mpaka mwenyewe asimame mbele ya Bwana mara tatu. Mara ya kwanza amevaa kitambaa cha marekani kilichokatwa kwa kujaribia, mara ya pili amevaa hariri yenyewe iliyoshikizwa kwa pini, mara ya tatu kabla hatujafunga pindo. Na kila mara Bwana alipiga magoti, pini mdomoni, akizunguka miguu ya mteja kama mtu aliyeangusha pete. Asiyekuwa na nafasi ya kuja aliambiwa kwa adabu ajaribu nyumba nyingine, na Paris nyumba za mitindo hazikosekani.

Mimi nilikuwa msimamizi wa chumba cha ghorofa ya tatu, cha vitambaa laini. Niliingia pale nilipofiwa na mume wangu Yves, nikiwa na cheti cha shule ya msingi na mikono iliyofunzwa na masista kudarizi vitambaa vya altare. Nilikaa mpaka nywele zikageuka. Kwa hiyo nikisema mikono ya Bwana Courtadon ilikuwa na baraka, sisemi kwa kusimuliwa. Nimemwona akishika kipande cha hariri kwa vidole viwili, akikiacha kianguke begani mwa mwanamke asiye na umbo lolote la kutajwa, na mwanamke yule akajitazama kwenye kioo akaanza kulia.

Juu kabisa, chini ya paa, kulikuwa na chumba cha masanamu. Kila mteja mkubwa alikuwa na sanamu yake, ya mbao na turubai, tuliyoizungushia pamba na utepe mpaka ikapata umbo lake, tumbo kwa tumbo, bega kwa bega, jina limeandikwa shingoni. Mteja akinenepa tunaongeza pamba, akikonda tunapunguza. Huguette, binti mwenye ulimi mrefu kuliko wote mezani kwangu, alizoea kuzisalimia akipita. "Shikamoo, mama balozi! Naona Krismasi ilikuwa na siagi."

Moja kati ya zile haikuwa ya mteja. Ilikuwa ya Clotilde, binti wa pekee wa Bwana. Mama yake alikufa mtoto akiwa bado ananyonya, akalelewa na mama mdogo wake, Bi Zélie, huko Saumur, kando ya mto Loire. Bwana alimpenda, hilo lisitiliwe shaka. Kila majira ya baridi alimtumia koti ambalo mke wa balozi angelililia. Lakini kwenda Saumur ilikuwa kazi. Mwaka una maonyesho mawili, kabla ya onyesho kuna maandalizi, baada ya onyesho kuna wateja, na ukiondoa hayo mwaka unabaki na nini? Sanamu ya Clotilde tuliitengeneza alipokuja Paris akiwa na miaka kumi na saba. Tangu hapo miaka ilipita, na haikuongezwa pamba wala kupunguzwa.

Wiki ya kwanza ya Majilio binti alikuja mwenyewe, bila kuarifu. Tulikuwa katikati ya maandalizi ya mavazi ya msimu wa kuchipua, nyumba nzima inanuka pasi na jasho. Nilimkuta ameketi kwenye kiti kilicho kando ya ngazi, koti limefungwa vifungo vyote, mkoba magotini, wanamitindo wakimpita wakishuka na kupanda kama hawamwoni.

"Clotilde, mwanangu! Mbona uko kwenye baridi? Ingia huku kwenye majiko ya pasi."

"Acha tu, Bi Honorine. Nikiingia huko Baba atatoka upande huu na nitamkosa."

"Unamngoja tangu lini?"

"Tangu walipokuwa wanavaa bluu. Sasa naona wanavaa kijani."

Nilimletea kikombe cha mchuzi wa kuku, akanywa bila kuvua glavu. Bwana alipotoka alikuwa na utepe wa kupimia shingoni na pini kifuani. Akambusu mashavuni, akamshika mabega, akamtazama kwa mbali kidogo kama alivyotazama kila kitu.

"Koti limekukaa! Nilijua. Nilimwambia Honorine kola ile itakufaa. Enhe, habari za Zélie?"

"Hajambo. Baba, naolewa. Ni Firmin Rabouin, mtoto wa yule mtengeneza mapipa."

Bwana alicheka kwa furaha mpaka Huguette akachungulia mlangoni. "Mapipa! Basi hatutakosa divai. Lini?"

"Kabla ya Kwaresima. Jumamosi ya mwisho."

"Kabla ya Kwaresima? Mbona haraka hivyo? Onyesho langu ni Alhamisi ya wiki hiyo hiyo."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja. Nilitaka tuzungumze, Baba. Sisi wawili."

"Tutazungumza. Nitakushonea gauni ambalo Saumur nzima..."

"Sitaki gauni la ajabu. Nataka uje nyumbani. Ukae siku moja tu. Kama unataka kunipima, utanipima hukohuko."

Hapo mwanamitindo mmoja akashuka amevaa kitu cheupe kilichokuwa kinaning'inia vibaya nyonga ya kushoto. Niliona jicho la Bwana likienda. Binti naye aliliona. "Krismasi," akasema Bwana, tayari ameshanyoosha mkono kwenye ile nyonga. "Nakuja Krismasi, mama. Zélie aniwekee paja la bata mzinga."

Clotilde akasimama, akanishukuru kwa mchuzi, akashuka ngazi akiwa ameshika ukuta. Nilidhani ni viatu.

Krismasi Bwana hakwenda. Mteja mmoja kutoka Argentina alifika na mabinti zake wanne na wote walitaka kuvaa. Mwaka mpya hakwenda. Sikukuu ya Wafalme Watatu, tukiwa tunakata keki mezani, nilimwambia mbele ya wote, maana mtu mzima hanong'oni jambo la haki.

"Bwana, mtoto hajapimwa."

"Ninayo sanamu yake."

"Sanamu ni ya miaka minne iliyopita."

"Honorine, mimi ndiye niliyemfunga nepi."

"Nepi hazina kiuno, Bwana," akasema Huguette, na meza nzima ikaangua kicheko.

Yeye pia alicheka. Kisha akasema, "Sheria ile ni ya wageni. Huyu ni damu yangu. Nikifumba macho namwona alivyo."

Na alilishona mwenyewe. Jumapili mchana, nyumba ikiwa imefungwa, alipanda juu akalifanya peke yake mbele ya ile sanamu. Nilikuwa nikitoka misa nampitia kumpashia kahawa. Niseme kweli, sijaona gauni kama lile kabla wala baada. Kila fundi anajua kiuno cha gauni ndipo fundi anapojificha, unakata juu, unakata chini, unaunga. Yeye hakuunga. Alilaza hariri mshazari, akaizungusha mwilini ikiwa nzima kutoka begani hadi sakafuni, ikashika mbavu, ikaingia kiunoni na kutoka kwa ukatwaji peke yake, kama maji yanavyofuata jiwe. Mshono ulikuwa mmoja tu, mgongoni, na kingo zake za ndani akazikata zikawa nyembamba kama uzi wa buibui, ili hariri isisimame. Mbele ya gauni lile wasichana wangu walinyamaza kama wako kanisani. Baadaye ndipo wakachomoa nywele zao, mmoja mmoja, wakazishonea ndani ya pindo, maana kwetu binti akishonea unywele wake kwenye gauni la bibi harusi naye huolewa kabla ya mwaka kwisha. Huguette alishonea nywele tatu. "Moja ya mume," akasema, "mbili za kumsaidia anione."

Alhamisi onyesho likapita, na Paris ikapiga makofi mpaka vioo vikatetemeka. Bwana alibebwa juu juu na watu waliovaa manyoya. Ijumaa wanunuzi wa Marekani walitaka kumwona, kwa hiyo ikaamuliwa mimi nitangulie Saumur na gauni, nimvishe bibi harusi, na yeye afuate kesho yake kwa treni ya alfajiri. Nilisafiri na lile boksi jeupe kwenye magoti, nikikataa kila mtu aliyetaka kuliweka juu.

Bi Zélie alinipokea kwa uso wa mtu ambaye ameshalia na kumaliza. Akatupeleka chumba cha juu, akafunga mlango. Clotilde akavua nguo zake bila kunitazama. Nikamwinulia gauni, likashuka juu ya kichwa, likapita mabegani vizuri. Likafika mbavuni likakwama. Nikalivuta kwa upole. Mgongoni palibaki wazi, upana wa kiganja changu.

Nikainama kutazama mbele, nikaona.

"Mwezi wa ngapi, mwanangu?"

"Wa tano unaanza. Nilikwenda kumwambia. Nilikaa pale kwenye ngazi, Bi Honorine. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu stesheni."

"Firmin anajua?"

"Firmin!" Akacheka kidogo. "Firmin ameshatengeneza kitanda cha mtoto. Cha mbao za mapipa. Kinanuka divai, huyo mtoto atazaliwa mlevi."

Bi Zélie akasema, "Mji mzima unajua. Padre anajua. Aliyebaki ni baba yake."

Mimi si mtu wa kusema jambo kama lile ni zuri. Lakini walikuwa wanakwenda altareni, wala hawakuwa wanakimbia, na kuhesabu miezi ni kazi ya Mungu. Kazi yangu ilikuwa gauni. Nikaligeuza ndani nje. Gauni lingine lolote ningelifumua kiunoni na ubavuni, nikaachia hapa na pale, na usiku usingeingia kabla sijamaliza. Hili halikuwa na pa kufumua. Ule uzuri wake wenyewe ndio uliolifunga. Dawa ilikuwa moja, kuingiza upande mpya mgongoni, wa hariri ileile, na hariri iliyobaki ilikuwa Paris.

Nikaenda posta kupiga simu. Mama wa posta alisimama karibu akijifanya anapanga stempu. Bwana akaja kwenye simu, nyuma yake nikisikia glasi na vicheko.

"Honorine! Limekaaje?"

"Bwana, halifungi. Mtoto ana mtoto."

Nilisikia akiweka glasi chini. Nikamngoja. Nikasema moyoni, Ee Bikira Maria, mpe neno.

"Sentimita ngapi?" akauliza.

Nikamwambia. Ningefanya nini?

"Usiliguse. Mtu yeyote asiliguse. Nakuja na hariri, nitalifanya mwenyewe."

"Treni ya alfajiri, Bwana. Ukiikosa hiyo, nyingine inafika ndoa imeshafungwa."

"Ya alfajiri," akasema.

Niliporudi Clotilde alikuwa jikoni anamenya viazi vya kesho, shali ya Bi Zélie mabegani. "Amesemaje?"

"Anakuja na treni ya kwanza."

"Amesemaje, Bi Honorine?"

Sijazoea kusema uongo, hata ule wa huruma. "Ameuliza ni kiasi gani cha kuongeza."

Akaendelea kumenya. Ganda lilitoka refu, halikukatika. "Akiiwahi treni ya kwanza," akasema, "nitalivaa. Nitasimama atakavyo, atanizunguka na pini zake. Na nitamwambia kila kitu wakati yuko chini pale, hawezi kuondoka mtu akiwa na pini mdomoni." Akatabasamu. Nikajua basi kwamba bado alikuwa anamtaka baba yake.

Asubuhi Bi Zélie alimtuma Firmin stesheni na gari la babake. Sisi tukamsuka Clotilde nywele, tukamvika viatu na ushungi, tukamketisha na shimizi yake karibu na jiko. Gari likarudi. Tulisikia magurudumu, na tulisikia pia mtu mmoja tu akishuka.

"Hakuwemo," akasema Firmin mlangoni, kofia mkononi, bila kuingia maana si vizuri kumwona bibi harusi kabla ya ndoa. "Nimepita mabehewa yote."

Clotilde alitazama gauni lililokuwa limelazwa kitandani kama mgonjwa. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba chumvi, "Firmin, mwambie mama yako aniazime lile lake la Jumapili."

Mama Rabouin alikuwa mwanamke mpana, wa kubeba mapipa. Gauni lake lilikuwa la sufu ya kijivu, kola nyeupe, limevaliwa ubatizo na mazishi ya nusu ya mji. Alilileta mwenyewe mkononi akihema. "Linanuka kafuri, mwanangu, nisamehe. Lakini linanisitiri mimi, wewe litakusitiri na kubaki." Nikalipunguza mabegani na mikononi, sindano ikikimbia, Bi Zélie akishika taa karibu na dirisha maana asubuhi ilikuwa ya mawingu. Pale mbele sikupunguza kitu. Tulipomaliza, Mama Rabouin akamgeuza, akamtazama, akamfuta shavu kwa kidole gumba. "Haya. Mzuri kuliko mimi nilipolinunua."

Ndoa ya serikali, ofisini kwa meya, ilikuwa ya haraka. Kanisani aliyempeleka altareni alikuwa mzee Rabouin, amevaa tai iliyomkaba. Pete zilikuwa zimeshavikwa na padre anatoa baraka mlango wa nyuma ulipolia. Nikageuka. Bwana Courtadon alikuwa amesimama karibu na maji ya baraka, koti limelowa, na chini ya kwapa ana kifurushi kirefu cha karatasi laini. Hakuketi. Alisimama vile vile mpaka mwisho akimtazama binti yake mgongoni, katika ile sufu ya kijivu, na nikaona midomo yake ikisogea. Sikujua kama alikuwa anasali.

Nje, watu wakirusha mchele, alinijia kwanza mimi.

"Hariri ya kipande kilichobaki ilifumwa tofauti kidogo, Honorine. Ungeonekana upande mpya. Nilikaa usiku kucha kutafuta sehemu inayolingana. Nimeipata. Tazama." Akafungua karatasi pembeni. Alikuwa ameshaukata, ameshaukunja kingo, umelingana kama ulizaliwa na gauni. "Ningekuja na ile ya alfajiri ningekuja na kitu kibaya."

"Angekivaa, Bwana," nikasema.

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwa lugha asiyoijua. Kisha akakunja karatasi taratibu.

Karamu ilikuwa ghalani kwa kina Rabouin, meza zimewekwa juu ya mapipa. Kulikuwa na samaki wa mto kwa mchuzi wa siagi, na uyoga, na divai nyeupe yenye mapovu ambayo mzee Rabouin alimimina kama anazima moto. Bwana walimketisha mahali pa heshima. Watu walimwogopa kidogo, wakamwita "Bwana wa Paris", wakamsogezea kila sahani. Mama Rabouin, ambaye hamwogopi mtu, akamwambia, "Wewe ndiye baba? Binti yako ana mikono ya kazi. Mungu akulipe kwa kutupa." Akajibu asante, na nikaona hajui kama anatukanwa au anasifiwa. Wala hakuwa anatukanwa.

Alimwendea Clotilde kabla ya keki. Nilikuwa karibu nikimfunga kola iliyokuwa imelegea.

"Upande ninao. Bi Honorine na mimi tukiingia ndani, kwa muda mfupi tu litakuwa tayari. Kwa ajili ya picha."

"Picha zimeshapigwa, Baba. Pale nje ya kanisa. Wewe ulikuwa unaonyeshana kitambaa na Bi Honorine."

"Hukunisubiri."

"Nilikusubiri." Hakusema kwa ukali. Hilo ndilo lililoniuma, maana binti akigomba na babake bado kuna kitu. "Kula, Baba. Umetoka mbali."

Muziki wa kodiani ukaanza. Mzee Rabouin alicheza na bibi harusi kwanza, akimkanyaga na kuomba radhi. Kisha watu wakapiga kelele, "Baba! Baba wa Paris!" wakamsukuma Bwana mpaka katikati. Akamshika mkono, mkono mwingine akauweka kiunoni mwa mwanawe, na wakaanza kuzunguka polepole. Alikuwa anacheza vizuri. Clotilde aliinamisha kichwa karibu na bega lake, na midomo yake ikawa inasema kitu, maneno marefu, na nikafikiri, haya sasa, Mungu mkubwa, anamwambia.

Lakini mimi nimemtazama mtu yule miaka mingi, naijua mikono yake. Niliona vidole vikifunguka pale kiunoni. Kidole gumba mbavuni, cha kati kikinyooka kuelekea mgongoni, kikisogea, kikisimama, kikisogea tena. Macho yake yalikuwa yamefumba. Wala sidhani alijua anachofanya.

Clotilde akanyamaza katikati ya neno. Akashusha mkono, akakishika kile kiganja, akakiondoa mwilini mwake.

"Usinipime, Baba," akasema. "Cheza tu."

Bwana akasimama pale, mkono hewani, hajui auweke wapi. Kodiani ilikuwa inaendelea. Clotilde alingoja kidogo, labda kuliko nilivyodhani angengoja. Kisha akambusu shavuni, akamshukuru kwa kuja, akasema anajua kazi ni nyingi na treni ya jioni haikai, vile mteja mwenye adabu anavyomuaga fundi wake. Akaenda kukaa kwa Mama Rabouin, ambaye alimsogezea kiti bila kugeuka na kuendelea na mazungumzo yake.